Mwalimu Mkuu wa Chumba cha Nne

Somo la kwanza la Mama Polepole halikuhitaji kalamu wala daftari. Aliwavisha wanafunzi wake soksi nene mikononi, miwani iliyopakwa mafuta, na pamba masikioni, kisha akawaamuru wafunge vifungo vya shati na wanywe uji. Yeye mwenyewe, ambaye mwendo wake siku zote ni wa kobe na ndiyo maana akapewa jina lile, siku hiyo aligeuka mbogo. "Haraka! Fungua mdomo! Mbona unamwaga? Jamani, mzigo gani huu nimetupiwa!" Watu wazima wanane, wenye watoto na ndevu zao, wakataka kulia. Mmoja, dereva wa zamani wa lori, pande la mtu ambaye wenzake walishambatiza Tani Saba, alitupa kijiko na kusema potelea mbali, hali tena.

"Ahsante," Mama Polepole akasema, na sauti yake ikarudi pale pale pa kila siku. "Wewe umekaa hivyo dakika kumi, umetupa kijiko. Wazee wa humu ndani wenye ugonjwa wa kusahau wanakaa hivyo tangu kunakucha mpaka kunakuchwa. Nao wakitupa kijiko, sisi tunaandika kwenye faili: mkorofi."

Tani Saba akainama kuokota kijiko chake, na kozi ikawa imeanza.

Mtu asikudanganye kwamba mama huyu alikuja pale na vyeti. Alikuja kufua. Miaka ishirini na sita iliyopita aliingia katika makao yale ya wazee kwa mlango wa nyuma, akaonyeshwa mlima wa mashuka na beseni, akaambiwa anza. Miaka saba alifua, akapiga pasi, akapiga deki korido ile ndefu yenye vyumba kumi na saba. Ndipo siku moja wahudumu wawili wakaugua kwa mpigo, akaambiwa hebu mwogeshe bibi wa chumba cha mwisho, yule anayeuma. Wenzake walikuwa wakimwogesha bibi yule kwa dakika kumi, na yowe lake lilisikika mpaka barabarani. Mama Polepole alitumia saa nzima na nusu. Alianza na vidole vya miguu, akaomba ruhusa kwa kila kiungo kama mgeni anayebisha hodi, na hakuna aliyesikia hata chafya. Wenye vyeti walicheka wakasema kwa mwendo huo wazee wengine wataoga mwakani. Wacheke tu! Kelele za bafuni zilikoma, na hakuna cheti kilichokuwa kimewahi kuzikomesha. Baadaye wakubwa walimtoa kwenye beseni wakampa kazi ya kuwafundisha wahudumu wapya, katika ukumbi wa chakula, kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana.

Alikuwa na mambo mawili aliyoyashika kama imani. La kwanza: usimsahihishe mzee. Akikwambia leo ni siku ya harusi yake, usimwambie mumewe alikufa zamani. Muulize atavaa nini. La pili lilikuwa lake mwenyewe, alilibuni na kulilea, nalo ni karatasi ya maisha. Kila mzee aliyeletwa, familia yake ilijaza karatasi: alifanya kazi gani, aliitwaje, alipenda nini, alichukia nini. "Ukijua mtu alikuwa nani, utajua anachokililia," alikuwa akiwaambia wanafunzi. Karatasi ile ilimpa sifa. Makao mengine yalituma watu kuja kuiiga, naye, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Basi mwaka huo akaletwa mzee wa chumba cha nne. Aliletwa na binti yake, mama wa makamo mwenye cheo katika ofisi kubwa, na mkwe wake aliyevaa viatu vya kujiangalizia uso. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, msafi, mikono nyuma, macho chini. Karatasi ikajazwa kwa mwandiko wa kupendeza: Mwalimu mkuu mstaafu. Anapenda nidhamu, vitabu na kuheshimiwa. Binti akaisaini, mkwe akaisoma akaitikia kwa kichwa, wakaondoka.

Mama Polepole alifurahi kama aliyeokota embe barabarani. Mfano gani mzuri zaidi wa kufundishia? Akawafanyisha wanafunzi kazi: wakaingiza chumba cha nne meza, kiti kikubwa cha kuegemea, chaki, madaftari na kalamu nyekundu. Kila atakayeingia asimame wima na kusema, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." Na mzee avalishwe tai asubuhi, tai jioni.

Lo! Mambo yakaenda mrama tangu siku ya kwanza. Mzee aliposikia "Mwalimu Mkuu" aligeuka kutazama nani ameingia nyuma yake. Kisha yeye ndiye aliyeamkia, "Shikamooni, shikamooni," akiwaambia watu wa umri wa wajukuu zake, mpaka wengine wakaficha vicheko kwenye viganja. Kwenye kile kiti hakukaa. Alisimama kando yake kwa saa tatu hata nne mfululizo, mpaka miguu ikavimba. Mezani hakula, sahani ilikwenda imejaa na kurudi imejaa. Na kila jina lile lilipotajwa mara ya pili au ya tatu, alisema, "Sijaiona. Naapa sijaiona."

"Hajaona nini?" Tani Saba aliuliza.

"Ni ugonjwa," Mama Polepole alijibu. "Endeleeni. Heshima haijawahi kumdhuru mtu."

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, mjane mpole aliyeandika kila kitu hata kikohozi cha mwalimu, wakamwita Dada Daftari. Huyo akainua mkono. "Samahani, mama. Je, kama karatasi imekosea?"

"Karatasi imeandikwa na mtoto wake wa kumzaa," Mama Polepole akamkata. "Au wewe unamjua zaidi?"

Dada Daftari akashusha mkono, na hilo hakuliandika.

Siku ya tisa, Jumatatu, Mama Polepole aliamua kwamba miguu ya mzee haiwezi kungoja tena, lazima akae. Akamwambia Tani Saba amshike kwa upole chini ya kwapa na kumkalisha kwenye kiti chake cha heshima. Na Tani Saba alikuwa mpole, asisingiziwe mtu. Lakini mzee alipohisi ngozi ya kiti kile chini yake alipiga ukelele, akanyakua kikombe mezani, akakitwanga kwenye nyusi ya yule bwana mkubwa. Damu, chai, madaftari chini, na mzee amejikunja pembeni mwa kitanda analia kwa sauti, "Nipekueni! Nipekueni tu!"

Msimamizi wa makao hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wazee thelathini na wanne na wahudumu wasiotosha, na sasa mmoja wao ameshonwa nyuzi nne. Akamwita Mama Polepole ofisini, hakumkaribisha hata kiti.

"Nakupa mpaka Ijumaa, mama. Asipotulia, Ijumaa anakwenda wodi ya kufungiwa."

Mama Polepole aliijua wodi ile. Sindano asubuhi, sindano jioni, mikanda kitandani. Alishawapeleka watu watatu huko katika maisha yake; walikwenda kwa miguu yao, na hakuna aliyerudi akitembea.

Jumanne aliwahi darasani kabla ya wanafunzi wake. Ukumbi wa chakula ulikuwa mtupu, vikombe vya kifungua kinywa vimeshaondolewa, na mfagiaji alikuwa ameacha ndoo na matambara akaenda kufuata maji. Chini ya meza ya pili alimwona mzee wa chumba cha nne amepiga magoti. Mama Polepole akafungua mdomo amwite mtu, maana mzee wa miaka themanini na sakafu yenye maji ni jeneza mkononi. Lakini macho yake yakaangukia mikono ya mzee, na mdomo ukabaki wazi vile vile.

Tambara lilikunjwa mara nne. Upande mmoja ukichafuka, aligeuza wa pili, kisha wa tatu. Alifuta kutoka ndani kwenda nje, akirudi kinyumenyume ili asikanyage palipolowa. Na alipokamua, alipinda mkono mbali na mwili, maji yasimwingie kwenye mkono wa shati. Jamani! Mwalimu mkuu gani anajua kupiga deki kinyumenyume? Mama Polepole alikuwa na miaka saba ya ndoo nyuma yake, na kukunja vile kulimchukua miaka miwili kujifunza. Kusoma mtu anaweza kujisingizia, vyeo ndiyo usiseme, lakini kukamua tambara hakusingiziwi. Mzee alikuwa akivuma wimbo puani, uso wake umetulia, miguu yake iliyovimba imepumzika chini yake.

Akachukua tambara jingine, akapiga magoti upande wa pili. Magoti yenyewe yakagoma, akayalazimisha.

Mzee hakuinua kichwa. "Hapo pembeni pana uchafu umegandia, dada," alisema. "Anza hapo, kabla watoto hawajaingia."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya hofu tangu alipoletwa. Aibu ilimshika Mama Polepole mpaka masikioni. Miaka yote anahubiri msikilizeni mzee, na mzee alipomlilia siku tisa, yeye alisikiliza karatasi. Dada Daftari alimuuliza swali la maana naye akamfunga mdomo mbele za watu. Alifuta ule uchafu uliogandia huku machozi yakimdondoka, na mzee, kwa adabu, akajifanya haoni.

Akampigia binti simu siku hiyo hiyo.

"Mwanangu, samahani kukusumbua kazini. Hivi baba alifanya kazi gani hasa?"

"Si nimeandika?"

"Umeandika."

"Basi."

"Leo nimemkuta anafuta sakafu. Ametulia, mwanangu. Nikiruhusiwa kumpa..."

"Kumpa nini? Ufagio?" Sauti ikapanda. "Nimemleta baba yangu kwenu aheshimiwe, nyinyi mnataka kumfanya mfagiaji? Mkithubutu nitawashtaki!" Simu ikakatwa.

Msimamizi naye akamwambia wazi: bila sahihi ya familia, asimwone mzee na tambara hata la kufutia kamasi, kesho wataambiwa wanawatumikisha wazee. Kwa hiyo Jumatano ndoo ilifichwa. Mzee alizunguka ukumbini akiitafuta, kisha akarudi chumbani kwake kusimama kando ya kile kiti. Mchana hakula. Usiku hakula.

Alhamisi, ofisi zilipofungwa, binti alikuja peke yake. Hakwenda chumba cha nne. Alimkuta Mama Polepole chumba cha pasi, akikunja mashuka, kazi ambayo hakuna aliyemtuma ila mikono yake ikihangaika hurudi huko yenyewe. Binti akasimama mlangoni na mkoba wake wa ngozi.

"Wameniandikia kuhusu kesho," alisema. "Hiyo wodi. Ni kweli wanafunga watu?"

"Ni kweli."

Binti akashika ncha za shuka lililokuwa upande wake, bila kuombwa, wakalikunja pamoja. La pili. Kwenye la tatu akaanza kusema.

"Alikuwa mhudumu wa shule. Shule niliyosoma mimi. Alipiga kengele, alifagia, alisafisha vyoo. Siku moja saa ya ukutani ya ofisi ikapotea. Mwalimu mkuu akamsimamisha baba mstarini, mbele ya shule nzima, akamwambia avue koti apekuliwe. Mimi nilikuwa darasa la sita. Mwenzangu akanigusa bega, 'Yule si baba yako?' Nikamwambia, 'Aka, simjui. Tunaitwa jina moja tu.'"

"Alikusikia?"

"Sijui. Miaka arobaini na mbili, mama, mpaka leo sijui."

"Na saa?"

"Ilikuwa kwa fundi. Mwalimu mkuu mwenyewe aliipeleka akasahau. Akamwita baba ofisini, akamwambia yaishe. Mstarini hakusema kitu." Akashika shuka jingine. "Nilipopata mchumba, wakwe wakaniuliza baba yako nani. Mdomo ukasema wenyewe, mwalimu mkuu. Ndicho cheo kikubwa nilichokijua. Kwenye harusi nilimwomba baba akubali. Akakubali. Alikaa kwenye kiti cha mbele na suti ya kuazima, kutwa nzima watu wanamwita kwa jina la yule mtu, naye anaitikia. Kwa ajili yangu. Mpaka leo mume wangu hajui, wanangu hawajui. Karatasi yenu niliijaza mume wangu amesimama begani."

Mkataa kwao mtumwa: Mama Polepole alikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Nani alimpa yeye ruhusa ya kutoa methali wiki ile?

"Wewe ulisema uongo kwa aibu," alisema. "Mimi nikamwita jina lile mara arobaini kwa siku, kwa kiburi. Tusishindane nani mbaya. Kesho ni Ijumaa."

"Nifanye nini?"

"Twende kwake. Ukifika usimsahihishe. Popote alipo, mfuate huko huko."

Wanafunzi walikuwa chumba cha nne, wote wanane, wakijaribu tena kumbembeleza mzee kwa kikombe cha chai. Alikuwa amesimama mahali pake pale pale. Aliposikia viatu vya kisigino koridoni alijinyoosha. Aliona mwanamke wa makamo, amevaa kiofisi, mkoba mkononi. Akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akamwambia binti yake.

Tani Saba, na plasta yake kwenye nyusi, akageukia dirishani. Mtoto kuamkiwa na baba yake mzazi! Binti alifungua mdomo, na kila mtu aliona neno "baba" likija. Akamtazama Mama Polepole. Hilo halikuwamo kwenye kozi.

"Marahaba," binti akasema. Neno lilimtoka kama mwiba.

"Umeniita kuhusu saa, mama?"

"Ndiyo. Saa imeonekana. Ilikuwa kwa fundi. Hukuiba. Kosa lilikuwa la ofisi, na ofisi inakuomba radhi."

Mzee akainua macho kwa mara ya kwanza. Akafikiri sana, kama mtu anayepima kama inafaa kuomba zaidi ya alichopewa.

"Naomba itangazwe mstarini, mama. Si kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Nina mtoto darasa la sita. Siku ile aliwaambia wenzake hanijui. Hakukosea, wangemcheka. Lakini sasa aambiwe, ili akitaka anijue."

Mkoba ulianguka, na hakuna aliyeuokota. Binti akasogea mpaka karibu yake kabisa, mbele ya watu wanane asiowajua hata mmoja.

"Ameambiwa," akasema. "Mstarini. Wote wamesikia."

"Naye amesemaje?"

"Amesema, 'Yule ni baba yangu.'"

Mzee akaitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu. Akavuta kigoda kilichokuwa karibu na mlango, akaketi, akaomba chai.